Google ilipojiadhibu yenyewe

Mwaka 2012 kampuni iliushusha ukurasa wa Chrome kwa takribani siku 60 kwa kosa la kiungo kimoja. Tovuti ndogo ya Uingereza ilikaa chini miaka mitatu na nusu. Nani anaihesabia Google siku zake?

Na Mwandishi Wetu

Januari 3, 2012, mtu aliyeingia Google kutafuta kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, alipata orodha yenye pengo. Washindani kama Firefox walikuwapo. Chrome, kivinjari cha Google yenyewe, ambacho siku chache kabla kilikuwa miongoni mwa majina ya juu kabisa, hakikuonekana kwenye ukurasa wa kwanza.

Hakuna mdukuzi aliyeingia, wala mitambo haikuharibika. Waliokiondoa ni wafanyakazi wa Google wenyewe, kikosi cha kupambana na ulaghai kwenye matokeo ya utafutaji kilichoongozwa wakati huo na mhandisi Matt Cutts. Alitangaza hadharani kwamba ukurasa wa Chrome umeshushwa kwa mkono wa binadamu, si kwa hesabu za mashine, na utabaki huko kwa muda usiopungua siku 60. Zikiisha, wenye Chrome waombe kufikiriwa upya kama mwenye tovuti mwingine yeyote.

Si kila siku kampuni kubwa hivyo inaichapa bidhaa yake mbele ya watu. Wengi waliipongeza. Wengine walisema ni maonyesho. Mabishano hayo hayajaisha, kwa sababu kilichobishaniwa si Chrome bali ni mamlaka ya kampuni inayopanga orodha ambayo bidhaa zake nazo zimo.

Video ya unga

Kisa kilianza na unga wa ngano. Google ilikuwa na matangazo ya video yanayoonyesha jinsi biashara za kawaida zinavyonufaika na intaneti, na mojawapo lilihusu King Arthur Flour, kampuni kongwe ya unga ya jimbo la Vermont, Marekani. Kampeni ilisimamiwa na wakala wa matangazo, Essence Digital, naye akaipitishia Unruly Media, kampuni inayosambaza video. Mwisho wa mnyororo huo kulikuwa na wanablogu waliolipwa kuiweka video kwenye kurasa zao na kuandika maneno mawili matatu ya kuisindikiza.

Maneno yenyewe yalikuwa mepesi. Baadhi yalidai Chrome inasaidia biashara ndogo bila kueleza inazisaidiaje. Lakini yalibeba sentensi moja iliyofanana: kwamba posti hiyo imedhaminiwa na Google.

Sentensi hiyo ndiyo iliyowaumbua. Aaron Wall, Mmarekani anayefundisha mbinu za kupandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji, aliitafuta ndani ya Google yenyewe, na kurasa kwa mamia zikajitokeza. Danny Sullivan, mwandishi aliyeifuatilia sekta hii kwa miaka mingi, akazichambua na kuonyesha zilivyokuwa hafifu.

Ubaya wake uko wapi? Google ilijengwa juu ya wazo la Larry Page na Sergey Brin walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1990. Ukurasa mmoja ukiweka kiungo kuelekea mwingine, hiyo ni kura, na ukurasa wenye kura nyingi za watu wanaoaminika unapanda juu. Kura ikinunuliwa, hesabu nzima inachafuka. Ndiyo maana Google inakataza kununua viungo kwa lengo la kupanda.

Anayetaka kuweka kiungo cha tangazo haruhusiwi kukifanya kiwe kura. Tangu 2005 ipo alama iitwayo nofollow, neno moja tu linaloingizwa ndani ya msimbo wa kiungo. Msomaji halioni. Wakati huo, mashine ya Google ilipolikuta, ilikiona kiungo lakini haikukihesabu.

Kikosi cha Cutts kilizipitia posti zile kikakuta moja, moja tu, yenye kiungo kilichoelekea ukurasa wa Chrome bila alama hiyo. Essence iliomba radhi na kubeba lawama. Google ikasema haikukubali chochote zaidi ya matangazo ya kawaida ya mtandaoni, na kwamba kulipa wanablogu wasifie bidhaa zake si desturi yake.

> Kikosi cha Cutts kilikuta posti moja, moja tu, yenye kiungo kisicho na alama.

Kikosi kingeweza kuishia hapo. Lakini miezi kumi na moja tu nyuma, Februari 2011, gazeti la *New York Times* lilikuwa limeianika JC Penney, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, kwa maelfu ya viungo vilivyotapakaa kwenye tovuti zisizohusiana nayo kabisa, na Google ikaishusha. Miaka mitano kabla, mwaka 2006, iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwa kuionyesha mashine kurasa tofauti na zile wanazoziona watu. Kuwaadhibu hao na kuiachia Chrome kungemaliza heshima yote ya kikosi hicho.

Japani na Uingereza

Chrome haikuwa ya kwanza. Februari 2009 ilibainika kwamba Google ya Japani imewalipa wanablogu watangaze huduma yake mpya. Ofisi ya Tokyo iliomba radhi, na alama ya PageRank ya google.co.jp, kipimo cha kura hizo za viungo kilichoonyeshwa wakati huo kutoka 0 hadi 10, ikashushwa kutoka 9 hadi 5.

Machi 2011 Google ilinunua BeatThatQuote, tovuti ya Uingereza ya kulinganisha bei za bima na mikopo, kwa pauni milioni 37.7. Wino wa mkataba haujakauka, watu wa sekta wakaonyesha kwamba tovuti hiyo imejaa viungo vya kununua. Kikosi kikaishusha mara moja. Google ikawa imelipa mamilioni ya pauni kwa tovuti isiyopatikana kwenye Google.

Nayaheshimu maamuzi haya. Ndani ya kampuni yoyote, anayeiambia idara yenye fedha kwamba imevunja sheria na italipa kama wengine anahitaji ujasiri, na Cutts alifanya hivyo bila kumung'unya maneno. Lakini zitazameni kesi zote tatu. Tokyo, BeatThatQuote, Chrome: kila mara kosa lilionekana hadharani kwanza, adhabu ikafuata. Na liliweza kuonekana kwa sababu ya aina yake. Kiungo kiko wazi, yeyote mwenye kompyuta na subira anaweza kukifungua akasoma msimbo wake.

Yapo mambo ambayo mtu wa nje hawezi kuyaona hata akikesha.

Bei ya ukurasa wa pili

Kushushwa kunauma kiasi gani? Tume ya Ulaya, iliyochunguza jambo hili kwa miaka saba, ilikuta kwamba matokeo kumi ya ukurasa wa kwanza hupata takribani asilimia 95 ya mibofyo yote kwenye orodha ya kawaida. Tokeo la kwanza peke yake hupata karibu asilimia 35. La kwanza kwenye ukurasa wa pili huambulia kama asilimia 1. Kwenye simu, ambayo ndiyo kompyuta ya wengi wetu, kioo ni kidogo na pengo ni kubwa zaidi.

Kwa biashara ndogo inayoishi kwa wateja wanaotoka Google, asilimia 1 ni msiba. Kwa Chrome ulikuwa mkwaruzo. Google iliweza bado kuitangaza kwa matangazo yake yenyewe. Machi 2012 ukurasa ulirudi mahali pake, na Mei mwaka huohuo, kwa vipimo vya StatCounter, Chrome iliipita Internet Explorer ikawa kivinjari kinachotumika zaidi duniani.

Na kuna jambo lililofuata ambalo pongezi zile zililifunika. Januari 10, 2012, wiki moja baada ya Chrome kushushwa, Google ilizindua mpango wa kuchanganya kurasa za Google+, mtandao wake wa kijamii, ndani ya matokeo ya utafutaji. Twitter ililalamika waziwazi kwamba watu watashindwa kupata habari zilizo bora kwa sababu tu haziko nyumbani mwa Google. Hapo hakuna kanuni iliyovunjwa, maana mwenye kanuni ndiye aliyeamua. Bidhaa moja ilishushwa wiki hii kwa kiungo kimoja. Nyingine ikapandishwa wiki iliyofuata bila kuhitaji kiungo chochote.

Wiki hizohizo, Nairobi

Wasomaji wa Kenya huenda wanaukumbuka mwezi huo kwa kisa kingine. Mocality ilikuwa orodha ya biashara za Kenya inayopatikana mtandaoni. Ilijengwa na watu wa kawaida waliopita mitaani kusajili saluni, gereji na maduka, wakalipwa kwa M-Pesa. Mwishoni mwa 2011 wenye biashara walianza kuipigia Mocality wakiuliza habari za tovuti ambazo kampuni hiyo haikuwa ikiziuza.

Mkuu wake, Stefan Magdalinski, na mafundi wake walifungua kumbukumbu za mitambo yao. Wakaona anwani moja ya intaneti inafungua biashara moja baada ya nyingine, siku baada ya siku. Wakatega. Walibadilisha msimbo ili kila mgeni wa anwani ile, badala ya namba ya mwenye duka, aone namba ya kituo cha simu cha Mocality.

Simu zikaanza kuingia, zikarekodiwa. Wapigaji walijitambulisha kuwa wa Google na wakadai wanashirikiana na Mocality, wakiwashawishi wenye biashara wajiunge na mpango wa Google wa kuwapatia Wakenya tovuti. Ushirikiano huo haukuwapo.

Magdalinski aliyaweka yote hadharani Januari 13, 2012, siku kumi baada ya adhabu ya Chrome. Nelson Mattos, makamu wa rais wa Google aliyesimamia Ulaya na masoko yanayoinukia, alikiri kwamba watu waliofanya kazi kwenye mradi wa Google walitumia data za Mocality isivyofaa na kupotosha uhusiano wa kampuni hizo mbili. Aliomba radhi.

Jambo hili halihusu orodha ya matokeo moja kwa moja, lakini linahusu swali lilelile: nani anaweza kuona. Waliogundua ni waliokuwa na kumbukumbu za mitambo mikononi mwao. Bila kumbukumbu zile, Mocality ingebaki na manung'uniko tu.

Foundem na Froogle

Juni 2006, Adam na Shivaun Raff, mume na mke Waingereza, walizindua Foundem, tovuti ya kulinganisha bei. Muda mfupi baadaye ilianza kuporomoka kwenye matokeo ya Google, karibu kwa kila kitu ambacho mteja angekitafuta. Kwenye mitambo mingine ya kutafuta ilibaki juu. Waliandika, wakaomba wafikiriwe upya. Adhabu iliondolewa Desemba 2009, baada ya wao kulipeleka jambo lenyewe hadharani.

Chrome: takribani siku 60. Foundem: miaka mitatu na nusu.

> Chrome: takribani siku 60. Foundem: miaka mitatu na nusu.

Google imesema siku zote kwamba tovuti za aina ya Foundem zilikuwa na maudhui machache yaliyokopwa kwingine, na kwamba mtumiaji hapendi kubofya kiungo kinachompeleka kwenye orodha nyingine ya viungo. Hoja hiyo ina uzito. Aliyewahi kutafuta bei ya friji akazungushwa tovuti tatu kabla ya kufika dukani anaijua kero yenyewe.

Lakini Google ilikuwa na tovuti yake ya aina hiyohiyo. Iliitwa Froogle, na ilipoingia Ulaya mwaka 2004 haikupata wateja. Tume ya Ulaya ilizipata hati za ndani. Moja ya mwaka 2006 ilikiri kwamba Froogle haifanyi kazi. Kuanzia 2008, kwanza Uingereza na Ujerumani, huduma hiyo ikiwa na jina jipya ilianza kuwekwa ndani ya kisanduku chenye picha juu kabisa ya ukurasa au karibu na hapo.

Kilichofuata kimeandikwa kwenye uamuzi wa Juni 27, 2017, uliotangazwa Brussels na Kamishna wa Ushindani Margrethe Vestager, pamoja na faini ya euro bilioni 2.42. Wageni wa huduma ya Google waliongezeka mara 45 Uingereza na mara 35 Ujerumani. Baadhi ya washindani walipoteza asilimia 85 ya wageni wao wa Google Uingereza, na hadi asilimia 92 Ujerumani. Mshindani aliyefanya vizuri kuliko wote alionekana, kwa wastani, kwenye ukurasa wa nne.

Kwangu mimi kiini cha uamuzi ule ni sentensi moja kavu: hesabu za mashine zilizowashusha washindani hazikuihusu huduma ya Google. Haikushindana ikashinda. Haikuingizwa kwenye mizani kabisa.

Hilo asingeligundua Aaron Wall wala mwandishi yeyote kwa kufungua msimbo wa ukurasa. Tume ilihitaji mamlaka ya kisheria ya kudai nyaraka na data, ikachambua matokeo ya utafutaji uliofanywa mara zipatazo bilioni 1.7.

Wanaoitetea

Si kila mdhibiti aliona kosa. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifunga uchunguzi wake wa upendeleo wa matokeo Januari 3, 2013, mwaka mmoja kamili tangu Chrome ishushwe, ikisema mabadiliko ya Google kwa sehemu kubwa yaliboresha huduma kwa mtumiaji hata kama yaliwaumiza washindani. Google nayo inasema mshindani wake halisi kwenye ununuzi ni Amazon, ambako watu huenda moja kwa moja bila kupita kwake.

Septemba 2011, Eric Schmidt, aliyekuwa mwenyekiti wa Google, alihojiwa na kamati ndogo ya Seneti ya Marekani. Seneta Mike Lee alimwonyesha chati ambayo bidhaa ya Google ilikaa nafasi ya tatu karibu kila mara, akasema matokeo yamepikwa. Schmidt alikana, na kueleza kwamba kisanduku kile si tokeo la kawaida bali ni jibu la aina nyingine.

Jibu hilo ndilo linalonisumbua. Kama kisanduku si tokeo, basi kanuni za matokeo hazikihusu, na kikosi cha Cutts, kwa uadilifu wake wote, hakina la kukishusha. Adhabu inabaki kwa kurasa za kawaida, na bidhaa inayoingiza fedha inahamia mahali ambapo adhabu haifiki. Wahenga walikwishasema kuhusu kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Ngedere anaweza kuwa mwadilifu kabisa. Bado mlalamikaji ana haki ya kuomba hakimu mwingine.

Page na Brin wenyewe waliliona hilo mapema. Kwenye andiko lao la 1998 lililoieleza Google kwa mara ya kwanza, walionya kwamba mtambo wa kutafuta unaoishi kwa matangazo utawaegemea watangazaji na kuwapa kisogo watumiaji. Walikuwa bado watafiti wa chuo, hawana tangazo hata moja la kuuza.

Wanaotazama sasa

Google ilikata rufaa dhidi ya uamuzi wa Brussels wa 2017. Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya iliukubali uamuzi wa Tume Novemba 2021, na Mahakama ya Haki ya Umoja huo ikamaliza shauri Septemba 10, 2024 kwa kuiacha faini kama ilivyo. Foundem haikuwapo tena kusherehekea; Adam na Shivaun Raff waliifunga mwaka 2016.

Sheria mpya ya Ulaya ya masoko ya kidijiti, iliyoanza kuzibana kampuni kubwa Machi 2024, inakataza waziwazi mtambo wa kutafuta kuzipendelea huduma zake. Machi 2025 Tume ilitangaza matokeo ya awali kwamba Google bado inafanya hivyo kwenye ununuzi, hoteli, safari na michezo. Google inapinga, ikidai sheria yenyewe inawaumiza watumiaji.

Afrika Kusini nayo haikukaa kimya. Ripoti ya mwisho ya Tume yake ya Ushindani kuhusu majukwaa ya mtandaoni, iliyotoka Julai 2023, ilisema Google inawabana washindani wadogo wa nchi hiyo, na Google ikakubali kuwapa tovuti za ndani nafasi ya kuonekana pamoja na msaada wa randi milioni 330.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii ni ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na Tume ya Ushindani ya Tanzania. Vijana wanafungua tovuti za kuuza viwanja, kukata tiketi za mabasi na kupangisha vyumba vya wageni Zanzibar na Diani, na karibu wote wanategemea mlango mmoja wa kupatia wateja. Siku tovuti ya mmoja wao itakapotoweka kwenye ukurasa wa kwanza, huenda asiweze kujua kama ameshindwa na aliye bora au ameondolewa. Google haichapishi orodha ya adhabu inazotoa kwa mkono, iwe kwa wengine au kwa bidhaa zake. Ichapishe. Na wadhibiti wa Nairobi na Dar es Salaam wadai data za matokeo kama Brussels ilivyozidai, kabla kijana huyo hajafunga ofisi.